Je, Mto Nile Unaanzia Jinja Kweli?

Mgeni akifika Jinja, mji wa Uganda ulioko kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Victoria, takriban kilomita 80 mashariki mwa Kampala, jambo la kwanza atakaloelekezwa ni kwenda kuona chanzo cha Nile. Atateremka hadi bustani iliyoko ukingoni, atapanda boti ya mbao yenye mashine, na baada ya dakika chache nahodha atapunguza mwendo karibu na kisiwa kidogo chenye kibao, kisha atamwonyesha mahali ambapo maji yanafurukuta kama maji ya ugali yaliyokaribia kuchemka. Hapo, ataambiwa, ndipo mto unapoanzia. Picha zitapigwa na boti itageuzwa.

Matata huanza akisharudi nyumbani. Mrundi atamwambia kwamba chanzo halisi kiko Rutovu, ambako pamejengwa hata piramidi ndogo ya mawe. Mnyarwanda atautaja msitu wa Nyungwe. Mwethiopia atauliza kwa nini Ziwa Tana limesahauliwa. Mwingine atataka kujua ilikuwaje Mwingereza "agundue" mto ambao Wasoga, wenyeji wa Jinja, walikuwa wakivua samaki ndani yake tangu enzi za mababu, na mwingine atamhakikishia kwamba mabwawa ya umeme yameyamaliza maporomoko yote, kwa hiyo safari ya kwenda kushuka mto kwa boti la mpira ni kupoteza nauli. Madai haya hayapingani kama yanavyoonekana. Kinachoyagonganisha ni maneno matatu yanayotumiwa kana kwamba kila moja lina maana moja tu: chanzo, kugundua na maporomoko.

Tuanze na chanzo. Ukimuuliza mtu "kwenu wapi?" unaweza kupata majibu matatu yaliyo ya kweli yote. Anaweza kukutajia mahali alipozaliwa na kitovu chake kikazikwa. Anaweza kukutajia kijiji cha babu wa babu yake, ambacho pengine hajawahi kukikanyaga. Au anaweza kukutajia mji unaomlisha. Mto nao una majibu ya namna hiyo. Kuna mahali unapopata jina na kuanza kutambulika kuwa mto, kuna kijichemchemi cha mbali kuliko vyote kinachouchangia maji, na kuna mahali ambako maji yake mengi yanatoka. Katika mito midogo mambo hayo matatu yanaweza kukutana chini ya mti mmoja. Katika mto wenye urefu wa takriban kilomita 6,650 hayakutani hata kidogo.

Jinja ni jibu la kwanza. Ziwa Victoria, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, na mlango huo uko Jinja. Mito mingi huingia ziwani kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, lakini unaotoka ni mmoja, nao wenyeji wanauita Kiyira. Ndiyo maana si uongo kusema kwamba Nile Nyeupe, yaani mkono wa Nile unaotoka kwenye maziwa makuu, imezaliwa Jinja, almradi msikilizaji aelewe kwamba anaonyeshwa kitovu na si ukoo mzima.

Jibu la pili linatupeleka upande wa magharibi. Mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria ni Kagera, na Kagera yenyewe ni mtoto wa mito miwili: Ruvubu unaotoka Burundi na Nyabarongo unaotoka Rwanda, ambayo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Ukiufuata Ruvubu kwenda juu utafika Rutovu, kwenye chemchemi iliyotambuliwa na Mjerumani Burkhard Waldecker mwaka 1937. Ukiufuata Nyabarongo utaishia kwenye vijito vya Nyungwe. Ni chemchemi ipi iliyo mbali zaidi? Hilo hutegemea jinsi mpimaji anavyozihesabu kona za mto na kijito gani anakihesabu kuwa kikubwa, kwa hiyo ubishi huo unaweza kuendelea hata baada ya sisi kuondoka duniani. La msingi ni kwamba Mrundi na Mnyarwanda wanabishana kuhusu swali moja, ilhali nahodha wa Jinja anajibu swali jingine.

Jibu la tatu ndilo linalowashangaza wengi. Ukiacha beseni pana uani wakati wa masika, maji mengi utakayoyakuta ndani yake asubuhi hayatakuwa yametiririka kutoka kwenye bati, yatakuwa yameanguka moja kwa moja kutoka mbinguni. Ziwa Victoria ni beseni la namna hiyo, pana mno na si la kina kirefu. Takriban asilimia 80 ya maji yake huja kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito ikiongezea kilichobaki, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kwa jua. Kinachopita Jinja ni masazo ya hesabu hiyo. Halafu, mto ukishafika Sudan Kusini, hutawanyika katika vinamasi vya Sudd na kupoteza huko karibu nusu ya maji yake. Khartoum unakutana na Nile ya Bluu kutoka Ziwa Tana, na ukijumlisha mito yote inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, hiyo ndiyo inayoleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayofika Misri. Mwethiopia naye, basi, ana haki ya kulalamika. Ila maji yake huja kwa kishindo katika msimu wa mvua na kupungua sana wakati wa kiangazi, wakati maji ya maziwa makuu hayabadiliki hivyo, na kwa karne nyingi ndiyo yaliyouzuia mto kunywea kabisa katika miezi mikavu.

Kabla hatujatoka kwenye boti, yafaa kuyagusa masimulizi mawili ambayo mgeni hupewa hapo. La kwanza ni kwamba maji yanayofurukuta ni chemchemi ya chini ya ardhi, na kwamba sehemu kubwa ya mto hutokana nayo. Hata kama kuna chemchemi mahali hapo, haiwezi kuwa ndiyo inayoujaza mto wa ukubwa huo; kinachoamua Kiyira iwe na maji kiasi gani ni kimo cha ziwa, na tangu mwaka 1954 ni milango ya bwawa pia, kama tutakavyoona. Isitoshe, maji yanayopita kwa kasi juu ya miamba iliyozama hufurukuta vilevile bila chemchemi yoyote. La pili ni kwamba tone la maji linaloondoka Jinja hufika Bahari ya Kati baada ya miezi mitatu. Makadirio hayo yangefaa kama mto ungekuwa mfereji. Mbele ya tone hilo kuna Ziwa Kyoga, Ziwa Albert na kinamasi cha Sudd. Tone moja linaweza kuzungukazunguka ndani ya Albert kwa miaka, na lingine likageuka mvuke kabla halijauona mpaka wa Uganda. Simulizi ni tamu, na sioni haja ya kumkatiza nahodha anapoitoa.

Neno la pili ni kugundua. Kwenye ukingo wa magharibi, upande wa Njeru, kuna mnara wa kumkumbuka mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika hapo tarehe 28 Julai 1862. Alikuta maporomoko mapana na mafupi, ambayo mwenyewe aliyakadiria kuwa na kimo cha futi 12, yaani chini kidogo ya mita nne, na upana wa futi 400 hadi 500. Aliona samaki wakiruka kwa maelfu, wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda wakiwasubiri juu ya miamba, kivuko kikifanya kazi na ng'ombe wakishushwa kunywa maji. Kwa maneno mengine, alikuta mahali penye shughuli kama soko. Wenyeji walipaita Mawe, na jina hilo halijafutika: neno la Kiganda "ejjinja" maana yake ni jiwe, na ndilo lililoupa mji jina. Speke aliyaita maporomoko hayo Ripon, kwa heshima ya bwana aliyekuwa akiiongoza Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia wakati safari yake ilipoandaliwa. Na alikiri kwamba alivunjika moyo kidogo, kwa sababu kilima kilimzuia asiuone upana wa ziwa kutoka pale aliposimama.

Basi aligundua nini? Mto haukuwa umepotea. Kilichokuwa kimepotea, kwa wasomi wa Ulaya, ni uhusiano kati ya mto unaopita Cairo na ziwa lililoko katikati ya bara, na hata ziwa lenyewe Speke hakulisikia kutoka kwa malaika: wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh, yaani Tabora ya leo, ndio waliomweleza habari zake mwaka 1858, akaacha mwenzake Richard Burton akiwa mgonjwa na kutembea hadi Mwanza, ambako aliliona tarehe 3 Agosti mwaka huo. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Afrika Mashariki akiwa mtu huru. Speke alizungumza naye Kihindustani, naye Bombay akayageuza maneno kuwa Kiswahili kwa wapagazi na watawala waliokutana nao njiani. Mjadala mashuhuri wa kijiografia wa karne ya 19 ulipita, kwa sehemu kubwa, katika lugha hii unayoisoma.

Speke alikuwa sahihi, lakini alikuwa hajathibitisha. Hakulizunguka ziwa, kwa hiyo hakuweza kuapa kwamba ni ziwa moja, na hakuufuata mto hatua kwa hatua kuelekea kaskazini. Burton alishikilia kwamba chanzo kilikuwa Ziwa Tanganyika. Wawili hao walipangiwa kujadiliana hadharani mjini Bath mwezi Septemba 1864, na siku moja kabla ya mjadala Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mwaka 1871 wapelelezi Livingstone na Stanley waliukuta mto Ruzizi, ulioko ncha ya kaskazini ya ziwa hilo, ukiingia Tanganyika badala ya kutoka kuelekea Nile, na mwaka 1875 Stanley alilizunguka Ziwa Victoria kwa mashua. Hapo ndipo hoja ilipofungwa. Kwa hiyo ukisoma kwenye mnara neno linalomaanisha ugunduzi, lielewe hivi: mtu aliyefika mahali palipojulikana na wenyeji, akawapelekea watu wa mbali habari ambayo wao hawakuwa nayo, na baadaye wengine wakaithibitisha. Hiyo si kazi ndogo, lakini pia si kazi ya kugundua mto.

Kwenye ukingo wa mashariki, bustanini, kuna sanamu ya Mahatma Gandhi iliyozinduliwa mwaka 1997, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo mwaka 1948. Wageni wengi wanaoenda upande mmoja tu hawajui kama upande wa pili una lango lake na mambo yake, kisha hudhani kwamba wameonyeshwa nusu ya kitu kwa hila. Hakuna hila, mto umegawanya historia yake kwenye kingo mbili.

Sasa tufike kwenye maporomoko, ambako mkanganyiko ni mkubwa zaidi na una gharama kwa mgeni aliyetumia fedha zake. Kiswahili cha kila siku hutumia neno maporomoko kwa vitu viwili: maji yanayoanguka wima kutoka juu ya jabali, na maji yanayoshuka kwa ukali kwenye mteremko wenye miamba, yakijikunja na kutoa povu, bila kuanguka wima. Anayewaza maporomoko ya Nyahururu atavunjika moyo Jinja, kwa sababu hapa tunazungumzia aina ya pili. Kati ya Ziwa Victoria na Ziwa Albert mto hushuka zaidi ya mita 500, na mteremko huo ndio unaowavutia watu wa aina mbili wasiopatana: mhandisi wa umeme na mpenzi wa boti la mpira. Wote wanataka maji yaleyale yenye nguvu, mmoja ayazuie, mwingine ayapande.

Mhandisi alitangulia. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na maji yaliyojaa nyuma yake yaliyafunika maporomoko ya Ripon. Yale mawe aliyoyaona Speke yapo chini ya boti yako. Hapo zamani ziwa lilikuwa kama sufuria yenye mdomo wa mwamba: maji yakizidi, yalimwagika yenyewe. Baada ya bwawa, mdomo ukawa bomba lenye koki, na ikabidi kuwe na mchoro wa makubaliano unaoeleza, kwa kila kimo cha ziwa, maji kiasi gani yafunguliwe ili mto uendelee kutiririka kana kwamba ule mwamba bado upo. Mwaka 2005 na 2006, ukame ulipokutana na maji yaliyofunguliwa kupita mchoro huo, ziwa lilishuka sana. Mwezi Mei 2020 mambo yaligeuka, mvua kubwa zikalipandisha hadi mita 13.42, zaidi kidogo ya kiwango cha mwaka 1964, kilichokuwa rekodi hadi wakati huo. Wengi waliosikia tarakimu hiyo walidhani ni kina cha ziwa. Sivyo: ni alama kwenye rula iliyosimikwa Jinja, inayopimwa kutoka kwenye mstari uliowekwa zamani, na ziwa lenyewe lina kina cha mita zipatazo 80 pale palipo na kina kirefu zaidi.

Bwawa la pili ndilo lililozua uvumi kwamba safari za boti zimekufa. Maporomoko ya Bujagali, kilomita kama 8 kaskazini mwa mji, yalikuwa mahali pa ibada kwa Wasoga na mahali pa kuanzia safari za boti la mpira tangu biashara hiyo ilipoanza mwaka 1996. Bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, liliyafunika, na likazinduliwa mwaka 2012. Mwaka 2019 likafuata bwawa la Isimba, chini zaidi, lenye megawati 183, ambalo nalo lilimeza sehemu ya mikondo mikali. Kwa hiyo anayesema kwamba mengi yamepotea hakosei. Anakosea anayesema kwamba hakuna kilichobaki. Kati ya mabwawa hayo mawili kuna kipande cha mto ambacho kiko huru, na ndani yake mto unagawanyika kupita pande mbili za kisiwa: upande wa magharibi ni Kalagala, upande wa mashariki ni Itanda. Kipande hicho hakikuachwa kwa bahati. Kilikuwa sharti katika makubaliano ya Uganda na Benki ya Dunia, kwamba Bujagali ikifunikwa, Kalagala na Itanda zihifadhiwe kama fidia. Safari za leo huanzia chini ya bwawa la Bujagali na kumalizikia kabla ya maji kutulia nyuma ya Isimba, na yale yaliyokuwa maporomoko ya Bujagali sasa ni ziwa tulivu linalofaa kwa mtumbwi na kwa kutazama ndege. Ukiona tangazo lenye picha ya Bujagali ikitoa povu, jua picha hiyo ina umri.

Ugumu wa mikondo hupimwa kwa madaraja sita. La kwanza ni maji yanayokunjamana tu. La tatu lina mawimbi ya kukulowesha na kukutikisa. La tano ni maji makali yanayohitaji mtu anayeijua njia ya kupita. La sita halipandwi na abiria. Jinja hufikia la tano, na sehemu kali zaidi ya Itanda kwa kawaida abiria huizunguka kwa miguu, boti likabebwa mabegani, kisha safari ikaendelea chini yake. Asiyetaka vishindo anaweza kuomba safari ya mikondo ya chini, na hilo si aibu.

Watu husikia "daraja la tano" wakadhani mto mwembamba wa milimani wenye miamba iliyotokeza ni salama kuliko huu. Mara nyingi ni kinyume. Kwa wastani mto hapa hupitisha karibu mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, yaani chukua lile tangi jeusi la plastiki la lita 1,000 lililoko nyuma ya nyumba nyingi, kisha uwaze matangi elfu moja yakimwagwa kila unapohesabu moja. Maji mengi kiasi hicho hufunika miamba kwa kina, na baada ya kila mkondo mkali kuna kidimbwi kipana kilichotulia, ambamo aliyetupwa nje huokotwa na waokoaji walio kwenye mitumbwi midogo. Boti likipinduka, na hupinduka, unaangukia maji ya uvuguvugu badala ya jiwe. Ndiyo sababu kabla ya mkondo wa kwanza mwongozaji huwapindua abiria makusudi kwenye maji matulivu: wajifunze kushika kamba iliyozunguka boti, kutoachia kafi hovyo, na wakichukuliwa na mkondo walale chali miguu ikitangulia, ili kama kuna jiwe likutane na soli na si paji la uso. Jaketi okozi na kofia ngumu si mapambo. Asiyejua kuogelea aseme mapema, asisubiri kugundulika majini.

Na mamba? Speke aliwaona mwaka 1862 pamoja na viboko, kwa hiyo hofu hiyo haikutoka hewani. Leo, hata hivyo, mamba wengi wanaojulikana katika mto huu wako mbali sana kaskazini-magharibi, chini ya maporomoko ya Murchison, na mikondo mikali si mahali wanapopenda kukaa. Kiumbe cha kuogopwa Jinja ni kidogo mno, hata jicho halikioni: kidudu cha kichocho, kinachotoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi bila maumivu, hasa kwenye maji yaliyotulia kandokando ya ziwa na mto. Wapo wanaodhani kwamba maji yanayokwenda kasi hayana kichocho, kisha wakapumzika kwa kuogelea kwenye kidimbwi cha ukingoni. Dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi na hufanya kazi vizuri, lakini huua minyoo iliyokomaa, si ile iliyoingia juzi. Kwa hiyo kwenda kuimeza siku ya pili baada ya safari hakusaidii sana; andika tarehe uliyoingia majini, hesabu wiki sita hadi nane, ndipo uende kupima.